Maji Aliyoyakataa Mama

Wahudumu wa wodi ya wanawake walimpa muuguzi wao mmoja, mwanamke, jina la Askofu, na si kwa sababu ya dini. Ni kwa sababu ya mahubiri. Mwanafunzi wa uuguzi akiteleza kidogo tu, akasema “yule wa kitanda cha dirishani” badala ya kumwita mama au bibi, basi balaa amelitafuta mwenyewe. Askofu angemvuta mpaka kwenye kabati la mashuka na kumhubiria mpaka miguu imfe ganzi. Mgonjwa ni mtu kabla hajawa mgonjwa. Usimshike kabla hujamwambia unamshika wapi na kwa nini. Usimfunue mbele ya watu. Usizungumze na daktari juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni meza. Na kubwa kuliko yote, muulize anatakaje, halafu nyamaza usikie jibu. Hapo kwenye kunyamaza wahudumu walicheka chinichini, maana kunyamaza ndicho kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiweza.

Tusimwonee lakini. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Aliwahi kulazwa bibi mmoja aliyekataa chakula, na kila zamu ikaandika kwamba bibi amekataa chakula, basi, yakaishia hapo. Askofu alivuta kiti, akakaa, akauliza. Kumbe bibi wa watu alivuliwa meno yake ya bandia siku ya kulazwa, yakatiwa kwenye droo na kusahaulika, naye aliona haya kutafuna kwa ufizi mbele ya watu. Meno yakarudi, sahani ikarudi tupu. Mambo kama hayo aliyafanya mengi, na wagonjwa waliotoka walimtumia salamu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo alijiamini, na alikuwa na haki ya kujiamini.

Sasa huyu Askofu alikuwa na mama. Mama alikuwa fundi wa nguo, mjane, aliyesomesha watoto wake wawili kwa cherehani ya kukanyaga. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walikuwa wamepimwa na mkono wake, na alijua kiuno cha nani kimepanuka na cha nani kimekonda kwa mawazo, ila hukumsikia hata siku moja akilisema nje. Kwenye pembe ya chumba chake cha kazi alitundika pazia la wateja kubadilishia nguo, na mteja akiingia nyuma ya pazia, fundi aligeuka akatazama ukutani, hata kama mteja ni shoga yake wa tangu utotoni. Mwili wake mwenyewe ndio kabisa, hakuna aliyekuwa na habari zake. Alioga mlango umefungwa kwa komeo. Siku moja alishikwa na homa kali, binti yake, huyuhuyu Askofu, wakati huo tayari muuguzi, akampelekea maji ya moto mpaka mlangoni, na akaambiwa ayaache hapohapo. “Mwanangu aniogeshe, kwani mimi nimekuwa maiti?” alisema kutoka ndani, wakacheka wote wawili.

Asubuhi moja mama aliteleza kwenye ngazi ya mlango akiwa na karai la nguo mbichi, akaangukia ubavu, nyonga ikavunjika. Akaletwa hospitali na kulazwa kwenye wodi ileile ya Askofu. Daktari wa mifupa alisema atampasua wiki inayofuata, na kwamba mpaka hapo mama asiinuke. Kula kitandani, kuoga kitandani, na haja zote kwenye chombo, kitandani.

Metroni, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi, alimwita Askofu ofisini. Alisema ndugu wa damu ni afadhali ahudumiwe na mkono mwingine, na kwamba angeweza kumhamishia yeye Askofu wodi ya watoto kwa muda. Askofu aliona ametukanwa. Wa watu amewahudumia miaka yote hii, wake ndiyo amwachie mwingine? Metroni akauliza kama mama mwenyewe ameulizwa.

“Ni mama yangu,” Askofu akajibu, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Basi akaanza. Asubuhi ya kwanza alivuta pazia, akapasha maji, akapanga taulo na sabuni, na kama kawaida yake akaeleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mama akasema hapana haja, ameshajifuta mwenyewe. Askofu akamwambia aache aibu za bure, hii ndiyo kazi yake, ameona miili mpaka haimtishi. Alipoondoa shuka, mama aligeuzia uso ukutani, akafumba macho, na hakutamka neno mpaka kazi ikaisha. Askofu alidhani ni maumivu ya nyonga. Akamwombea kwa daktari dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi, na akajisifu moyoni kwa kuwa mwepesi wa kugundua.

Chombo cha haja nacho akakifanya chake. Yeye ndiye aliyemwinua mama, yeye ndiye aliyemfuta. Zamu yake ilipoisha aliacha amri kwamba mama asiguswe na mtu, yeye anarudi sasa hivi, na siku yake ya mapumziko alikuja vilevile. Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani walimsifu mpaka basi. Mama umezaa, walisema, watoto wa siku hizi hawafanyi hivi. Mama alitabasamu kwa midomo tu. Askofu alizisikia sifa akijifanya hasikii, na alikawia kidogo kukunja taulo ili azisikie vizuri.

Palikuwa na muuguzi mpya pale wodini, binti aliyetoka chuoni karibuni, mpole, mwenye sauti ya kuombea radhi hata anapokuamkia. Wakati wa kukabidhiana zamu alimwambia Askofu kwamba mama hanywi maji, jagi la asubuhi limebaki vilevile.

“Mbele yangu anakunywa,” Askofu alisema. “Labda wewe hujui kumbembeleza.”

Na kweli, mbele yake mama aliinua kikombe, akakigusisha mdomoni, akakishusha. Askofu, ambaye mgonjwa akificha kidonge chini ya ulimi alimjua kwa kutazama koo tu, hakulitazama koo la mama yake. Binti akafungua mdomo kama aliyetaka kuongeza jambo, kisha akaufunga.

Wiki hiyohiyo hospitali ilipokea wauguzi wapya, na Metroni akamwomba Askofu azungumze nao ukumbini kuhusu namna ya kumweka mgonjwa mbele katika kila jambo. Mwenzetu alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miaka. Alipiga pasi sare mpaka mikunjo ikasimama. Alisimulia habari ya meno ya bibi, watu wakacheka pale alipotaka wacheke, wakanyamaza pale alipotaka wanyamaze. Ilitosha. Angekaa chini hapo, na sisi leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini makofi yana ulevi wake, akaongeza ambalo hakuwa amelipanga.

“Mnajua nani amelala wodini kwangu sasa hivi?” aliuliza. “Mama yangu mzazi. Kila asubuhi namwogesha mimi, kwa mikono hii. Namgeuza, namsafisha haja yake, simwachii mtu. Hivyo ndivyo ninavyotaka mmwone kila mgonjwa.”

Ukumbi ukasimama. Mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi. Askofu alishuka jukwaani kichwa kimemvimba, anapeana mikono na watu asiowajua.

Baada ya chakula cha mchana wale wapya walitembezwa wodi hadi wodi, na Askofu mwenyewe ndiye aliyewapokea kwake. Walipofika kwa mama yake, msichana mmoja wa moyo mzuri alimshika mama mkono kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Kumbe ndiye wewe. Sista ametusimulia anavyokuogesha na kukusafisha. Umebarikiwa, mama.”

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Wageni wa kitanda cha jirani wakageuka, wanaume wawili wakiwamo. Mama akaitikia marahaba, akawashukuru wale wauguzi kwa kuja, akavuta shuka mpaka kidevuni. Askofu alikuwa amesimama nyuma yao, anatabasamu.

Tangu siku hiyo kikombe hakikuguswa hata kwa kuigiza. Mama alisema kichefuchefu kinamzuia, na Askofu akaamini. Haukupita muda, mama akaanza kuweweseka. Alidai mkasi wake. Alimwambia Askofu asimame mbali kidogo, mteja yumo nyuma ya pazia anavaa. Midomo ilikuwa imepasuka, na mkojo ulikuwa kidogo, mzito kama chai ya rangi. Daktari alipoleta majibu ya vipimo alisema mama amekauka, mkojo umeingia wadudu, na figo zinalalamika. Upasuaji hauwezekani tena kwa siku iliyopangwa. Na nyonga ikisubiri sana kwa umri huu, mtu huyu huenda asisimame tena kwa miguu yake.

“Wodi ina sista kama wewe,” daktari alisema, bila ubaya wowote, “mgonjwa anakaukaje?”

Aibu ilimpanda Askofu. Na watu wengi wakipata aibu namna hiyo hawaibebi wenyewe, humtafuta wa kumtwika. Mama alitundikiwa dripu, ikapita asubuhi nzima, na Askofu akazunguka wodi bila kusema na mtu. Mchana yule binti mpya alipoingia zamu, Askofu hakumvuta kwenye kabati la mashuka. Alimsimamisha katikati ya wodi, wagonjwa wanaona, wageni wanaona, akampa vidonge vyake. Mama wa watu analala bila maji na wewe unapitapita na sare yako mpya. Angekuwa mama yako mzazi ungemfanyia hivi?

Binti alirudi hatua moja nyuma. “Nilikwambia, sista.”

“Uliniambia hanywi. Uliuliza kwa nini?”

“Niliuliza.”

“Akasema nini?”

Binti akatazama sakafu. Askofu akarudia swali, kwa sauti ya juu zaidi.

“Aliniomba nisikwambie,” binti alisema. “Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.”

Kisha ikatoka sauti upande wa pili, nyembamba, iliyokauka, lakini akili imerudi ndani yake.

“Mwache mtoto wa watu,” mama alisema. “Mimi ndiye niliyeyakataa maji. Nikinywa, nitashikwa na haja. Nikishikwa na haja, utakuja wewe.”

Askofu alisimama pale alipokuwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia upande mwingine, kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko kama angecheka. Hatimaye alikwenda kwa mama yake na kuvuta pazia. Pazia la wodi linazuia macho, haliwezi kuzuia masikio, na alilijua hilo, lakini afanyeje.

Alianza kujitetea. Alisema yeye ni muuguzi, ameona ya kila mtu, kwake mwili ni mwili, si kitu.

“Kwako si kitu,” mama alisema. “Kwangu je?”

Mama akapumzika kidogo, kisha akauliza kule ukumbini aliwaambia ya nini. Jibu la hilo Askofu alilijua, ila lilikuwa la aibu hata kulifikiria. Aliyasema kwa sababu yalipendeza. Aliona watu wanamsikiliza, akachukua kitu cha mama yake alichokificha maisha yake yote, akakigawa kama pipi ili apendwe zaidi. Na hakumwomba ruhusa. Wagonjwa wa watu aliwauliza kila kitu, chai yenye sukari au isiyo na sukari, dirisha wazi au limefungwa. Mama yake hakumuuliza hata kama anataka kuguswa. Alitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa ardhi huwa haipasuki, alibaki amekaa pale anachezea ncha ya shuka.

“Mama,” alisema baadaye, “unataka nani akuhudumie?”

“Yeyote. Hata huyo uliyemliza. Isipokuwa wewe.”

Yalimkata maini. Alikuwa ametumia maisha yake kuwafundisha watu kusikia jibu, na sasa jibu limekuja, alitaka kuligombania. Akaeleza kwamba hakuna atakayemgeuza kwa uangalifu kama yeye, kwamba binti bado mgeni, kwamba nyonga ile inataka mkono uliozoea. Mama alimwacha amalize.

“Wauguzi hapa nimepata wa kutosha,” mama alisema. “Mwanangu ndiye sijamwona tangu niingie.”

Askofu alilia, kwa kuuma mdomo ili wodi isisikie. Mama hakumbembeleza. Alisubiri aishe, kisha akamwambia aende akamwombe radhi yule binti, na asimpeleke pembeni. Pale alipomgombeza ndipo amwombe radhi.

Akaenda. Hatua chache tu, na hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Alisimama palepale katikati ya wodi, akamwita binti, akasema mbele ya wote kwamba alimwonea, kwamba aliambiwa ukweli na hakusikia, na kwamba kosa ni lake yeye. Binti akasema haraka yameisha, sista, kama wadogo wanavyowaambia wakubwa, na hakuinua macho. Hayakuwa yameisha, na Askofu alijua. Mhudumu mmoja, aliyekuwa bingwa wa kumwigiza anavyohubiri, alijifanya anatafuta kitu kwenye ndoo.

Metroni alimhamishia wodi ya watoto bila kumuuliza sababu, maana habari za hospitali huwa zina miguu. Alimkumbusha tu kwamba kundi la pili la wauguzi wapya linakuja, na mzungumzaji ni yeye. Askofu akaomba atafutwe mwingine. Metroni akasema kinyume chake, aje, na awasimulie na haya yaliyotokea, ndiyo yatakayowafunza.

“Siwezi,” Askofu alisema. “Bado ni habari ya mama yangu. Si yangu kuisimulia.”

Metroni akaandika jina la mtu mwingine.

Maji yakaanza kunywewa. Mkojo ukasafika, daktari akapanga upya siku ya upasuaji. Siku moja kabla ya upasuaji, saa ya kuona wagonjwa, Askofu alikuja akiwa amevaa gauni la nyumbani, moja ya kazi za mama yake, akapanga foleni mlangoni pamoja na ndugu wa wagonjwa. Mlinzi akamwambia sista apite tu. Akasema yeye si sista saa hizi, na mlinzi akamshangaa.

Kukaa kama mgeni kulimshinda. Hakujua mikono aiweke wapi. Macho yake yalikimbilia kwenye dripu, akaanza kutazama matone yanavyoshuka, mpaka mama akamwambia macho huku. Wakazungumza. Mama alimsimulia habari ya mteja aliyeacha gauni lake tangu mwaka jana, akanenepa, na sasa anamlaumu fundi kwamba kitambaa kimerudi, kimekuwa kidogo. Akamwigiza mteja anavyojibana tumbo. Askofu alicheka mpaka mgonjwa wa jirani naye akacheka. Alikumbuka kwamba mama yake ni mtu wa vichekesho, na alikuwa na muda mrefu hajakumbuka hilo.

Katikati ya kicheko mama akatulia, uso ukabadilika kidogo. Mabadiliko hayo Askofu angeyatambua kwa mtu yeyote. Mkono wake ulishafika kwenye pazia kabla hajajua kwamba ameinuka. Mama alimtazama. Askofu aliuondoa mkono, uso unamwaka, akaenda kumwita yule binti, na yeye akatoka nje.

Alisimama kwenye korido ameegemea ukuta, katikati ya ndugu za watu. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia pete za pazia zikivutwa. Alimsikia binti akiuliza jambo kwa sauti ya chini, na mama akijibu, na binti akingoja, kisha wote wawili wakicheka kitu ambacho yeye hatakijua kamwe. Wivu ulimchoma, na aliuonea aibu wivu wenyewe. Muuguzi aliyepita alimwuliza kama kuna tatizo. Akasema hapana, anamsubiri mama yake.

Ndani, mama aliomba maji. Yakamiminwa. Punde akaomba mengine.